Boti Isiyokuwa na Kibali

Mimi simwamini mtu upesi. Sijisifu wala sijuti, ndivyo nilivyo. Mama yangu kule Tanga alikuwa hivyo hivyo: muuza samaki akimwapia kwamba samaki ni wa leo, yeye anamfunua samaki huyo mashavu palepale na kumnusa mbele za watu. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya unesi katika zahanati ya kijiji kimoja cha ufukweni, kaskazini ya Gombe, swali langu la kwanza pale Kigoma mjini lilikuwa kwa nini nesi aliyenitangulia aliondoka. Wakaangaliana, wakasema alipata uhamisho. Nikajua nafichwa kitu.

Nilipofika nikakiona kilichofichwa. Barabara haikuwepo. Mlima ulishuka mpaka majini, nyumba zikabanana kwenye kipande cha mchanga, na mtu akitaka kwenda popote ni boti, au miguu yake mwenyewe juu ya mawe ya ufukweni. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na popo wengi. Mgonjwa akizidiwa, alifuatwa mwenye boti yeyote anayekwenda mjini, mgonjwa akalazwa juu ya magunia ya dagaa, basi. Gari la wagonjwa tulilisikia redioni.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, watu walikuwa wanauana, na waliopona walikuja kwa mitumbwi. Asubuhi unakwenda ziwani kuchota maji, unakuta mtumbwi mgeni umevutwa mchangani na wenyewe hawapo. Wengine walijitokeza kwa mtendaji wa kijiji, wakaandikishwa, wakapelekwa mjini, na kutoka mjini wakapelekwa kambini. Wengine hawakujitokeza. Walikuwa na mashemeji huku, walikuwa na wajomba, maana Waha wa huku na Warundi wameoana tangu zamani, na mimi mtu wa pwani nikiwasikiliza wakiongea nilikuwa sijui huyu nani na yule nani. Basi kila mtu akawa anamshuku mwenzake. Ukinunua chumvi nyingi, unamlisha nani? Ukianika suruali na mumeo hayupo, suruali ya nani hiyo? Kwa mtu wa tabia yangu palikuwa mahali pake hasa.

Jirani yangu naye nilimshuku. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwanika dagaa, mke wa mvuvi mmoja mwenyeji wa pale. Ndiye aliyenifundisha kuishi ufukweni: namna ya kuwatisha nyani wasiingie jikoni, saa za kugeuza dagaa juani, na namna ya kuwaitikia wazee wanapokuamkia kwa Kiha "Mwakeye" asubuhi, badala ya kusimama umekodoa macho tu. Alikuwa shoga yangu wa kweli. Lakini nikimwuliza kwao wapi, alisema, "Kule juu, Kalinzi," na hapohapo akanyanyua ungo wake akaenda kuanika upande mwingine. Siku moja alishuka mama mmoja wa Kalinzi hasa, anauza maharage. Nikamwita jirani, "Njoo, ndugu yako amekuja." Akasema kichwa kinamuuma, akajifungia ndani mpaka yule wa maharage alipoondoka. Nikaguna tu. Nikaliweka moyoni.

Kisha akapata mimba. Akaja zahanati, akalala kitandani nimpime, na nilipomfunua tumbo nikakuta mshono wa operesheni.

"Ulipasuliwa wapi?" nikamwuliza.

"Kasulu."

"Mtoto yuko wapi?"

"Hakukaa."

"Kasulu hospitali ipi?"

Akawatazama popo. Mshono ule ulikuwa safi, kazi ya mtu anayejua sindano yake, na kwa kazi yangu sikuhitaji kujua zaidi ya hapo. Mwenye mshono wa namna ile hazalii zahanati. Kizazi kinaweza kupasuka wakati wa uchungu, na kikipasuka pale kwangu, mama anakwenda na mtoto anakwenda, nami nimesimama hapo na mkasi wangu. Nikamwambia bila kuzunguka: "Wewe lazima ukazalie hospitali ya mjini. Utangulie mapema, ukasubiri hukohuko."

"Siendi."

"Utakufa."

"Basi nitafia nyumbani kwa mume wangu."

Nilimfokea. Nilimwita mkaidi, nikamwambia anataka kunipa kesi. Akavaa, akanishukuru kwa adabu, akaenda zake kugeuza dagaa. Hasira zangu hazikudumu, maana nilijua anachokiogopa, ingawa hakukitaja wala mimi sikukitaja.

Kilikuwa mwaloni, pale mjini boti za kaskazini zinaposhushia abiria na samaki. Pale walisimama askari, vijana waliotoka mikoa ya mbali, kazi yao kuwatenga wananchi na wakimbizi. Sasa watawatengaje? Vitambulisho havikuwepo. Basi mmoja wao, sijui nani, akabuni mtihani: "Sema, lala salama." Ukisema "rara sarama", kaa pembeni. Jamani, wenyeji wa kando ya ziwa lile, ambao babu zao wamezikwa palepale, wengi wao huzichanganya herufi hizo tangu wajue kusema. Niliwaona wazee wa Kiha wenye kadi za chama mfukoni wamekalishwa pembeni kwenye jua, wanameza hasira. Mimi nilipoulizwa nikaitamka sawasawa, kwa Kitanga changu, na askari akanikazia macho: "Wewe si wa huku." Nikamwambia, "Hongera afande, umemkamata mgeni peke yake aliyepita hapa leo." Hakuona cha kuchekesha.

Aliyekalishwa pembeni, ndugu yake wa mjini akija kumshuhudia, aliachiwa. Asiye na ndugu alipandishwa lori la kambini. Jirani yangu hakuwa na hata shangazi wa kumshuhudia, na mumewe wakati huo alikuwa kambi ya uvuvi, mbali kusini. Kwa hiyo alikuwa na njia mbili, mshono au lori. Alikuwa amechagua mshono.

Katikati ya hayo ikaja sheria ya boti za wagonjwa. Chanzo chake boti moja ilifika mjini imejaa wagonjwa, wamefungwa bandeji vichwani na mikononi, wanalia kwa zamu. Askari mmoja akaivuta bandeji, chini yake hamna hata mkwaruzo. Wote walikuwa wazima, wanakwepa kuandikishwa. Halmashauri ikaja juu. Ikapitisha kwamba tangu hapo mgonjwa asipakiwe kwenye boti yoyote ila ile yenye kibali, na kibali hakitoki mpaka bwana afya aje mwenyewe aikague: iwe na machela, majaketi ya kuokolea, turubai la kivuli, sanduku la huduma ya kwanza na injini nzima.

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri, sitaki uongo. Niliwaona wagonjwa waliofika mjini wameungua na jua kuliko walivyoungua na homa. Lakini ilipokuwa inasomwa pale kijijini, mimi sikumtazama msomaji, niliwatazama wenye boti. Walikuwa wanatabasamu. Nikajiuliza, mwenye boti anayeambiwa anunue vitu vyote hivyo anatabasamu nini?

Kwetu aliyeomba kibali alikuwa mmoja, tajiri wa kijiji, mwenye duka na kofia ya pama asiyoivua hata msibani. Injini yake tuliijua wote. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, na mwisho abiria wakashika makasia. Majaketi sikuwahi kuyaona kwake hata siku moja. Nikamwuliza dukani, "Bosi, vifaa umeshanunua?" Akanijibu, "Nesi, ondoa wasiwasi. Siku ya ukaguzi utaviona." Alisema kweli tupu.

Siku hiyo ya ukaguzi ilinikuta mjini, nimekwenda kuchukua chanjo. Bwana afya alikuwa mtu wa makamo, mpole, amehamishiwa Kigoma kutoka mkoa wa kati, shati lake limenyooshwa mpaka linakata. Akaniona na kasha langu la chanjo, akaniambia, "Sista, panda. Mimi nakwenda hukohuko kwenu, kijiji kwa kijiji." Boti ya halmashauri ilikuwa nzuri. Injini mpya, viti vya mbao, majaketi ya rangi ya machungwa, kila mtu na lake. Nilikaa kwa raha nikasahau kushuku kwa muda.

Kijiji cha kwanza tulichosimama, kila kitu kilikuwepo. Machela, majaketi, turubai, sanduku. Injini ikavutwa kamba mara moja, ikanguruma. Bwana afya akasaini. Mimi kwa mazoea ya kazi nikainama kuitazama machela. Kitambaa chake kilikuwa na doa kubwa la dawa ya zambarau, ile tunayopakia vidonda, upande wa miguuni. Nikasema afadhali, hii imeshawahi kumbeba mgonjwa. Kisha tukakaribishwa chakula kwa mwenye boti. Kuku. Na kuku wenyewe walikuwa bado wanatembea uani tulipoingia. Nikamwuliza mama wa nyumba kwa nini hawakuchinjwa mapema, wakati ugeni wetu ulijulikana tangu juzi. Akacheka, akaficha uso kwa kanga. Tukakaa, tukakaa, mpaka nikaanza kuihofia barafu ya chanjo zangu.

Kijiji cha pili, machela, majaketi, turubai, sanduku. Na doa la zambarau, upande wa miguuni.

Nililitazama doa lile kwa muda mrefu. Nikayageuza majaketi, yana mchanga mbichi mikunjoni. Nyuma ya boti walikaa vijana wa kiume wanahema, vifundo vya miguu vimechubuliwa na mawe. Hapo akili ikanikaa sawa. Wakati sisi tunangoja kuku waive, vitu vyote vilikuwa vimevuliwa kwenye boti iliyokaguliwa, vikatiwa begani, vikakimbizwa ufukweni mpaka kijiji kinachofuata. Injini ilijipeleka yenyewe, imefungwa kwenye mtumbwi mdogo. Kuku ndio waliokuwa saa yao. Ndiyo maana hawakuchinjwa mpaka tuwe tumekaa mkekani. Ufukwe wote ule ulikuwa na machela moja, na wenye boti wote walitabasamu kwa sababu walishachangishana wakainunua pamoja.

Nikamwangalia bwana afya. Naye ameona? Alikuwa anasaini. Mtu huyu maisha yake yote kazi yake ni kutafuta uchafu kwenye mabucha na vyoo vya hoteli, halafu doa la zambarau limpite mara mbili? Tuliporudi botini baada ya kuku wa pili nikamchokoza.

"Bwana afya, machela za huku zinafanana, eti?"

"Nadhani walinunua duka moja," akasema, bila kunitazama.

"Na doa nalo la dukani?"

Akaomba maji ya kunywa. Basi nikamshuku na yeye, kuliko wote.

Kijijini kwetu tajiri wa kofia alikuwa anatungoja mwaloni pamoja na mtendaji. Boti imepakwa rangi nyeupe, ubavuni msalaba mwekundu uliokwenda upande. Doa lilikuwepo, limefika kabla yetu. Tajiri akavuta kamba, injini ikawaka hapohapo, na wanakijiji, ambao waliijua injini yake tangu ilipokuwa mpya, wakapiga makofi huku wanabana vicheko. Bwana afya akasaini, akamkabidhi kibali. Tajiri akasema, "Karibuni nyumbani, kuku anaandaliwa."

Mimi nikapeleka chanjo zangu zahanati. Nilipopita kwa jirani, ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia, nikaona dagaa wake hawajageuzwa. Jua lilikuwa kali, upande wa juu umeshakauka kabisa, na yeye hakuwa mtu wa kuacha dagaa waungue. Nikabisha hodi, kimya. Nikasukuma mlango. Kitanda kimetandikwa, sufuria zimefunikwa, moto umezimwa kwa maji. Nikashuka mwaloni karibu nikimbie.

Alikuwa amekaa kwenye boti ya halmashauri. Kanga ameifunga vizuri, kifurushi mapajani, jaketi la machungwa ameshalivaa na vifungo vyote. Mikono miwili imeung'ang'ania ubao wa kiti.

"Uchungu umeanza lini?" nikamwuliza.

"Asubuhi."

"Si ulisema huendi wewe?"

"Nilikuwa nasema boti zile nyingine."

Nikamshika tumbo. Lilikaza chini ya kiganja changu likawa gumu kama ubao, na likachelewa kulegea. Niliogopa. Nimezalisha wanawake wengi, lakini pale niliogopa, kwa sababu nilimpenda mwanamke yule na nilikuwa sijawahi kumwambia. Nikamwambia asitikisike, nikapanda kwa tajiri.

Walikuwa wamekaa barazani, kuku bado yuko kwenye sufuria. Nikasema yote kwa pumzi moja. Wakashuka pamoja nami, bwana afya, mtendaji na tajiri, na nyuma yao nusu ya kijiji.

Jirani alipowaona akasema kwanza, "Shikamoo mzee." Uchungu huo, na bado anaamkia.

"Marahaba, mama. Lakini shuka," bwana afya akamwambia. "Mgonjwa haruhusiwi kubebwa ila kwenye boti yenye kibali. Sheria yenyewe ndiyo nimeileta mimi. Boti hii haina kibali."

"Haina?" nikasema mimi.

"Haijakaguliwa, sista. Hii ni ya kukagulia."

Mtendaji akatikisa kichwa kukubali, jambo hilo limemwingia sawasawa. Tajiri naye akadakia, "Apande yangu. Kibali hiki hapa, wino haujakauka." Nikageuka kuitazama hiyo yake. Turubai limeshakunjwa. Kijana mmoja alikuwa ameweka majaketi begani, mwingine amekumbatia injini aliyokwisha kuifungua, na waliponiona nawatazama wakasimama hivyo hivyo walivyo.

Jirani yangu akangoja uchungu upite. Kisha akamwuliza bwana afya, taratibu, kwa Kiswahili chake kizito:

"Mzee, wewe ulikuja na hii?"

"Ndiyo."

"Ukafika?"

"Si unaniona nimefika."

"Basi na mimi nitafika."

Watu wakaguna. Bwana afya akafungua mdomo aanze tena habari ya sheria, nami nikamkatiza, maana nilikuwa nimefika mwisho. "Sawa," nikamwambia. "Tufuate sheria. Twende na ile uliyoitia sahihi sasa hivi. Yeye alale kwenye machela, mimi nikae kichwani, na wewe bwana afya ukae miguuni, penye doa. Twende sote mpaka mjini."

Akaitazama boti nyeupe. Injini ilikuwa imeshatolewa, nyuma imebaki mbao tupu. Nje ya ghuba ziwa lilikuwa linachafuka. Akasema, sauti ndogo, lakini tulisikia wote:

"Ile mimi siwezi kuipanda."

Tajiri alishika ukingo wa kofia yake, akaivua, sijui kwa nini, akaivaa tena. Mtendaji akatazama mlimani. Lakini aliyeduwaa zaidi alikuwa bwana afya mwenyewe, uso umemwiva, maana aliyasikia maneno yake kama tulivyoyasikia sisi. Akaingia majini na viatu vyake na suruali yake iliyonyooshwa, akapanda, akamwambia nahodha, "Washa."

Njiani nilikaa nyuma ya jirani yangu, nimemkumbatia ili asigongwe na mawimbi. Hakupiga kelele. Kila uchungu ulipokuja alinibana mkono na kusema maneno chini kwa chini, maneno yake, si Kiswahili. Bwana afya alikaa mbele, ametupa mgongo, soksi zinachuruzika. Tulipopita Gombe nikaanza kujiuliza jambo ambalo ningejiuliza tangu mwanzo. Kwa nini jirani alichagua boti hii? Hakujua habari za machela mimi nilizozigundua. Au alizijua, kijiji kizima kilizijua, mgeni ni mimi? Ila injini mbaya haikuwa sababu yake ya kukataa tangu awali. Nikafikiri hivyo mpaka mji ukaanza kuonekana, na nilipouona mwalo na wale askari wamesimama palepale, ndipo nilipoelewa. Katika ziwa lote lile, boti moja tu haikuwahi kusimamishwa na mtu.

Nikamwinamia sikioni. "Wewe ni mjanja sana."

"Nesi, kaa kimya," akanijibu.

Askari waliitambua boti, wakanyoosha migongo. Mmoja akamsalimu bwana afya, "Habari za kazi, mkuu." Tukamteremsha jirani, mimi mkono huu, nahodha mkono ule. Anatembea kwa kuburuta miguu, ameuma kanga kwa meno. Tukawa tumeshawapita, na yule askari aliyenikazia macho siku ile akatoka kwenye kivuli. Akatutazama, kwanza mimi, kisha jirani.

"Huyu mama anatoka wapi?"

Ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa jibu, ukanata. Jirani aliiacha kanga palepale kinywani, akafumba macho, akangoja.

"Sogea kule," bwana afya akasema kutoka nyuma, kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Huoni nina mgonjwa? Nitafutie gari, usisimame hapo kuuliza maswali." Askari akaenda kutafuta gari. Likapatikana pikapu la mwenye samaki, tukamlaza nyuma juu ya turubai. Bwana afya hakuja nasi. Alibaki mwaloni na suruali yake iliyolowa, na mimi nilipogeuka kumtazama alikuwa ananitazama mimi. Alijua au hakujua? Alikuwa anamwonea huruma mzazi, au alikuwa anajionea haya mwenyewe kwa yale aliyoyasema kijijini? Nimelitafuna swali hilo miaka yote hii, sijapata jibu, na yeye alihamishwa muda si mrefu baadaye.

Walimpasua jioni ileile. Daktari alipotoka aliniambia mshono wa zamani ulikuwa umeanza kuachia pembeni. Mtoto ni wa kike, mzima, analia kwa nguvu. Nikaenda nyuma ya jengo la kufulia nikalia na mimi, kisha nikanawa uso, maana sipendi kuonekana nimelia.

Asubuhi nikaingia wodini. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mtoto kifuani, na anamsemesha. Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. Kwetu kijijini alikuwa anasema maneno machache, anayapima kwanza, lakini pale yalikuwa yanamtoka yenyewe, marefu, laini, kama mtu aliyefunguliwa. Mimi nilikuwa bado sijui Kiha kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Ila kitanda cha pili alilazwa mama mmoja wa Kiha, mtu mzima, anakunywa uji, na nikaona kijiko kimesimama njiani. Anasikiliza.

Mlangoni kulikuwa na askari wa zamu, anapiga soga na mfagiaji. Siku hizo walipita hadi mawodini.

"Nesi," yule mama akaniita, si kwa sauti ndogo. "Huyu mzazi ni wa wapi? Maneno yake haya si ya kwetu."

Jirani yangu akanyamaza katikati ya neno. Akamfunika mtoto kichwa kwa kiganja na kuniinulia macho. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwuliza swali hilohilo mara nyingi kuliko mtu yeyote, juu ya dagaa wake, kitandani kwangu, kila siku kwa njia nyingine. Alinitazama tu. Hakuniomba kitu.

"Wa kwetu," nikasema.

"Kwenu wapi?"

"Tanga."

Yule mama akanitazama mimi, akamtazama mzazi, akamtazama mtoto, halafu akatupa jicho mlangoni alikosimama askari. Akachota uji wake.

"Kumbe Tanga wanasema hivyo," akasema, akaendelea kunywa.